Chombo Peke Yake

Jumanne, 8 Agosti

Hospitali wamepiga simu asubuhi. Nyonga mpya ya Alphée imekubali. Anatembea na fremu, anawagombeza wauguzi kwa sababu ya chai yao. Mzima huyo! Lakini nyumbani haletwi hivi hivi. Ijumaa anakuja Bi Maillet, yule wa serikali anayekagua nyumba za wagonjwa. Akikuta ngazi yetu haina kishikio, mume wangu anapelekwa nyumba ya wazee, akae huko mpaka kiwekwe.

Kishikio kipo. Alphée alikiranda mwenyewe wakati wa theluji, mti mzuri, laini kama shavu la mtoto. Kimelala bandani pamoja na vyuma vyake na skrubu zake. Kinachokosekana ni matundu ukutani. Basi. Na tarehe kumi na tano ni sikukuu yetu, kijiji kizima kinatoka barabarani kupiga masufuria kama ngoma. Alphée hajawahi kuikosa tangu ana meno ya utoto. Lazima awe nyumbani.

Baadaye kapiga simu Zélie, wifi yangu, dada yake Alphée. Anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa. Tulikuwa hatusemezani tangu sikukuu ya mwaka jana, alipowaambia akina mama wa kanisa kwamba madonge yangu ya viazi yanafaa kutia nanga mashua. Leo sauti imejaa asali. Eti ana drili ya betri, niseme tu, ataileta.

Nikamwambia nina yangu.

Sina.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua sana. Nguo ya kuazima haisitiri matako, hasa ikiwa ya wifi.

Jumatano, 9 Agosti

Nimeendesha hadi mjini Shediac, duka la vifaa. Drili zimejaa ukuta mzima! Njano, kijani, buluu, nyekundu, kama kanzu za maaskofu. Kijana wa duka akaanza kunihubiria. Volti. Kasi mbili. Pete yenye namba, ya kuzuia skrubu isizame kupita kiasi. Akasema kwa kazi za nyumbani nichukue ile ndogo ya volti kumi na mbili, nyepesi, mkono hauchoki. Mkono wangu! Nimevunja magamba ya kambakoche kiwandani tangu msichana mpaka nikawa bibi. Nikamwekea mkono huo chini ya pua. Akarudi nyuma kidogo.

Akasema haya, basi nichague rangi kwa makini, maana betri ya rangi moja haiingii kwenye drili ya rangi nyingine. Ukishachagua umechagua, ni kama ndoa. Nikamwambia asinifundishe ndoa, yeye hata ndevu hazijamwoa.

Zélie ana nyekundu. Nikachukua nyekundu, kubwa kuliko yake. Inatoboa hadi zege. Nyumbani kwetu hakuna zege. Si neno, likija litatobolewa. Na bei yake nusu ya wenzake waliokaa naye rafu moja! Kwenye boksi imeandikwa kwa herufi kubwa: CHOMBO PEKE YAKE. Shule niliacha darasa la sita, lakini kusoma najua. Nikaelewa mara moja. Chombo cha pekee, hakina mwenzake.

Pale kwenye kulipa kijana akafungua mdomo tena, anataka kuniuliza jambo. Nikamwambia afunge, nzi wataingia.

Alhamisi, 10 Agosti

Najuta lile neno la nzi.

Boksi nimelifungua. Drili ipo. Betri hakuna. Chaja hakuna. Nimelitikisa, nimelichungulia, nimelipindua juu ya kitanda. Peke yake maana yake peke yake.

Nikakumbuka taa ya Alphée ya kuvulia samaki, ina betri. Ya njano. Nikaisukuma kwenye drili. Ikakataa. Nikaipaka mafuta. Ikakataa. Nikaigonga kwa kifimbo cha kusukumia unga, kikavunjika kifimbo. Kumbe kijana yule alijua ndoa.

Mwenye akili angetembea nyumba tatu. Zélie anazo betri nyekundu, anazipanga dirishani kama vikombe vya mashindano. Nilivaa viatu. Nilifika hadi kwenye sanduku lake la barua. Nikasimama. Nikajifanya natazama maua yake, nikarudi.

Hapo ndipo akili ikanijia, na ningejua ningeifungia mlango. Nikarudi Shediac, nikanunua boksi jingine, zima, lenye drili ndogo nyekundu na betri na chaja. Mpango: betri natoa, naitumia kwenye drili yangu kubwa. Mahali pake naweka siagi iliyoganda, pakiti moja. Nimeipima kwenye mizani ya unga, uzito ni ule ule. Boksi nalifunga, nalirudisha dukani na risiti, pesa zinarudi. Wanarudisha bila maswali. Betri nikaichaji ikajaa. Chaja nikairudisha ndani ya boksi. Mimi si mwizi.

Mchana nikatoboa. Vumbi! Kelele! Drili ikanipinda mkono kama nacheza dansi na mlevi. Alphée kabla ya kupiga msumari hugonga ukuta kwanza, sikio limebandikwa kama daktari, anatafuta nguzo iko wapi, maana kuta zetu ni bodi nyembamba na nyuma yake upepo. Mimi sikugonga. Nani ana muda? Skrubu zikaingia laini, laini mno. Nikadhani ni nguvu ya mashine.

Jioni Alphée kapiga simu. Nikamwambia kishikio kimekaa kama ndoa yetu. Akauliza nimegonga ukuta? Nikasema nimegonga.

Ijumaa, 11 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Maillet kaja, mama mnene mwenye furaha zake. Nimempa kahawa na biskuti za molasi. Kasifu mapazia. Kapanda ngazi, kafika katikati, kaegemea. Kishikio kikatoka na kipande cha ukuta kama jino na fizi yake. Mama wa watu akakaa kitako juu ya kidato, kishikio mapajani, kama anasubiri apewe mtumbwi apige kasia.

Hakuumia. Wala hakukasirika, na heri angekasirika. Akajipangusa vumbi la chokaa, akasema kwa upole atarudi Alhamisi ijayo. Alphée leo anahamishiwa nyumba ya wazee. Hivyo sikukuu itamkuta huko.

Nikapiga simu mwenyewe kumwambia, sikutaka aambiwe na wauguzi.  Nilikuwa nimejiandaa anigombeze, nina majibu tele. Akauliza kama kishikio kimevunjika. Nikasema hapana, ukuta tu.

"Basi vizuri," akasema.

Majibu yangu yote nimebaki nayo mdomoni. Hayamezeki.

Jumamosi, 12 Agosti

Jua la leo kama tanuri. Nilipitia kwanza kumpelekea Alphée nguo, halafu benki, halafu duka. Boksi muda wote liko nyuma ya gari. Unaona mambo yanakoelekea. Mimi sikuona.

Kwenye kaunta ya kurudishia vitu nani kasimama? Mireille, mjukuu wa Zélie, kapata kazi ya likizo! Akanisalimu vizuri, bibi hujambo. Akalipokea boksi, likamteleza mkononi. Akainusa mikono yake. Akafungua. Drili yote inang'aa kama kuku wa sherehe.

Akaniuliza taratibu, "Bibi, hii imeingiaje humu?"

Nikamwambia amwulize aliyeitengeneza, viwanda vya siku hizi hovyo. Akaigeuza karatasi ya siagi. Ina bei ya duka la ushirika la kijijini kwetu. Nyuma yangu foleni, nusu yake parokia yetu. Nikafungua mkoba nikatoa betri, nilikuwa nimeifunga kwa leso yangu nzuri ya Pasaka. Mtoto hakunicheka. Alifuta chaja kwa mkono wa shati lake, akaniandikia karatasi ya kurudishiwa pesa, akasema hatamwambia meneja.

Meneja! Mimi ninamwogopa meneja?

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani. Mama mmoja kaniuliza kama nina siagi ya kumkopesha, au yote iko kwenye matengenezo. Wote walikuwa wanajua. Hata padri, alipofika kwenye mkate, aliniangalia.

Mchana nikaenda kwa Alphée. Kakaa dirishani, kavaa sweta si lake. Kufua wanafua pamoja, wanagawa kwa kukisia. Lina jina la mtu kwenye kola. Hajalalamika. Yeye aliyegombana na wauguzi kwa chai, leo kaipokea chai baridi akasema asante. Hilo limeniuma kuliko kesi yote ya siagi.

 Alisogea tu nipate nafasi, tukatazama magari ya watu wengine yakiingia na kutoka.

Wanasema majuto ni mjukuu. Uongo. Mjukuu wangu yuko mbali, Alberta, hata simu hapigi. Majuto yako hapa hapa, yamekaa kwenye kiti cha Alphée, yananitazama nikila.

Jumatatu, 14 Agosti

Zélie kaingia bila kubisha. Kajitanda mtandio, kashika kitu kwenye mfuko wa mkate. Nilijua kaja kucheka. Nikamwambia akicheka, mlango uko nyuma yake.

Akatoa betri. Nyekundu. Moja tu.

"Ulisema drili unayo," akasema. "Nimeleta kilichopungua."

Nikaileta drili. Betri ikaingia, ta! Akaitazama mashine yangu juu hadi chini, akalitazama boksi, akasoma.

"Chombo peke yake," akasema. "Kama wewe, wifi."

 Nina majibu, ila betri ilikuwa yake.

Akagonga ukuta, sikio limebandikwa. Wote wa ukoo ule hugonga hivyo hivyo. Kila alipoikuta nguzo akaweka kimsalaba cha penseli, kama alivyofanya baba yao. Akatoboa yeye, mimi nikashika kishikio. Skrubu safari hii zililia, ziligoma, zikaingia kwa taabu. Kumbe ndivyo zinavyotakiwa. Tulipomaliza akaning'inia nacho kwa uzito wake wote, na uzito anao. Hakikutikisika.

Akakaa kwenye ngazi kupumua. Akasema bila hata kunitazama:

"Yule ni kaka yangu, Exilda. Ungesema Jumanne iliyopita, kesho angekuwa barabarani na sufuria lake."

Nilitaka kumwomba radhi.  Nikamwambia misalaba yake imekwenda upande.

Haikwenda upande.

Jumanne, 15 Agosti

Kijiji chote nje, bendera, honi za magari, watoto na mifuniko. Sikukaa. Nikachukua sufuria la Alphée, lile lililobonyea, nikaendesha hadi nyumba ya wazee, nikajipanga kwenye nyasi chini ya dirisha lake. Nikakuta Zélie kashafika, ana mifuniko miwili.

Tukapiga. Wanawake wawili wazima, peke yetu, kwenye nyasi za watu. Alphée akaja dirishani na fremu yake, na lile sweta la mtu. Akapunga kijiko. Sufuria halikuwa mkononi mwake, lilikuwa mkononi mwangu, na mimi sijui mpigo wake. Nilikuwa nabahatisha.

Akatoka muuguzi, akatuomba kwa adabu tupunguze, kuna watu wamelala. Tukaacha. Alphée aliendelea kupunga kijiko kwa muda, kama bado anasikia.

Alhamisi, 17 Agosti

Bi Maillet karudi. Kahawa kakataa mpaka ashuke. Kapanda kashika ukuta kwa mkono mmoja, kishikio kwa vidole viwili. Halafu mkono mzima. Halafu kaegemea. Kimemshika. Kapitisha.

Ijumaa, 18 Agosti

Alphée yuko nyumbani! Kapanda ngazi polepole, mkono unateleza juu ya mti wake mwenyewe, kila kidato anautazama. Katikati kasimama. Akaniuliza nani kakifunga.

Nikasema mimi.

Akabandika sikio ukutani, akagonga. Akakiona kimsalaba cha penseli karibu na chuma, nilisahau kukifuta. Akakipitisha kidole.

"Umeanza kuchora misalaba ya baba yetu," akasema. Akaendelea kupanda.

Nimempikia madonge ya viazi. Kala mawili. Sasa kalala kwenye kiti chake, mdomo wazi, kavaa sweta lake.

Mireille kapiga simu. Bibi yake anatafuta betri yake moja, ana rafu ya kutundika, je, aliisahau kwetu? Nikasema sijaiona, labda iko dirishani na wenzake. Iko kwenye kopo la unga. Naihitaji. Kwenye karatasi za matangazo za leo kuna msumeno, mwekundu, unang'aa, bei nusu. Wameandika CHOMBO PEKE YAKE. Safari hii najua maana yake, hawanipati tena. Betri ninayo. Chaja nitaifikiria.

Na Zélie kama anaitaka betri yake, nyumba ni tatu tu. Atembee, abishe, aniombe. Kuomba kumewahi kumuua nani?