Neva ya Kikohozi

Jumatatu, 6 Oktoba

Zahanati. Sikio la kushoto linawasha. Nesi Janeffer ameliangalia na tochi, akasema nta imejaa, akaingiza kijiti. Nikakohoa! Nikamwambia mimi nimeleta sikio, kifua nimeacha nyumbani kizima. Akacheka. Watoto wa siku hizi! Akanionyesha sikio la plastiki linalofunguka kama kabati. Tundu, kisha kiwambo, kisha mifupa mitatu midogo kama mbegu za wimbi, kisha kitu kimejikunja kama konokono, na neva ya kupeleka sauti kwa ubongo. Lakini hapo kwenye tundu, akasema, kuna neva nyingine, tawi la ile inayoshuka kooni. Ikiguswa, watu wengine wanakohoa.

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu. Jumapili Kipkirui, mwalimu wa kwaya, anachagua nani ataanzisha wimbo siku ya mavuno. Tangu kanisa liwe la mabati ni mimi. Sasa Adoyo, yule wa nyumba za kampuni ya chai, anataka nafasi yangu. Sauti anayo, kidogo. Na neva pia anayo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimechagua unyoya wa kuku, mweupe, laini. Nimeujaribu kwangu wakati wa kukamua. Nimekohoa mpaka ng'ombe akapiga ndoo teke. Safi kabisa!

Alhamisi, 9 Oktoba

Mazoezi ya kwaya. Nimempa Adoyo unyoya. Nikamwambia waimbaji wakubwa wote wa Bomet hufungua sikio kabla ya kusimama. Akaniuliza, Kogo, maana huku kwetu kila bibi ni Kogo, tangu lini unanipenda? Nikamwambia tangu leo, na usiulize sana. Kipkirui akasema upendo wetu umemgusa. Mjinga yule.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejaribu tena, na tena, kuhakikisha. Mjukuu wangu Nelvine amesema, Kogo, sikio limekuwa nyanya, wacha hiyo kitu. Nikamtuma akachume majani chai.

Jumapili, 12 Oktoba

Adoyo amejichokonoa nyuma ya kanisa. Nimeona na macho yangu! Nikangoja. Hakuna. Hata kusafisha koo tu, hakuna. Ameimba kama redio mpya. Kisha akashukuru mbele ya watu, eti unyoya wa Kogo umetoa donge la nta na sasa anasikia kinanda vizuri. Wakanipigia makofi. Mimi!

Zamu yangu. Nimefungua mdomo, sikio lililovimba likawasha, nikalikuna na kidole. Ubeti mzima nimekohoa. Kipkirui amempa Adoyo wimbo. Akaniambia, Kogo, wewe sasa pumzika. Nipumzike nimelima wapi?

Jumatatu, 13 Oktoba

Janeffer amenigombeza vibaya. Eti alisema watu wengine, hakusema kila mtu. Eti ningetoboa kiwambo nikawa kiziwi. Angesema kwa sauti basi! Amenipa dawa ya matone, akatoa tena ile plastiki anifundishe adabu. Nyuma ya kiwambo, akasema, kuna mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Akaniuliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa sana. Mlango ni pua! Wiki nzima nilikuwa nabisha dirishani. Na mavuno bado hayajafika.

Nimepitia sokoni nikamnunulia Adoyo ugoro, zawadi ya kumpongeza. Muuzaji ameapa hakuna mkali kama huu. Lakini mimi siamini maneno ya watu. Nikishamaliza kukamua nitaujaribu kwanza, pua zote mbili.