Springi Fupi Hadi Simbo

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeota tena. Gari langu linateleza barabara ya Bangwe, chini kabisa, kama bata juu ya maji. Winfrida kiti cha mbele. Watu wanatazama.
Nikaamka. Gari lipo nje, limesimama juu kama mbuzi. Aibu!
Jumamosi mshenga wangu, Mzee Leonardi, anapeleka posa Simbo kwa baba yake Winfrida. Dereva ni mimi. Lazima gari lishushwe chini kabla. Swali ni moja: springi fupi au koilova?

Jumanne, 15 Julai
Nimefikiri kwa utaratibu. Springi fupi ukishafunga, gari limeshuka, basi. Koilova ni springi na shokapu pamoja, zina pete. Ukiizungusha, gari linapanda au linashuka utakavyo. Fundi Alphonce anasema gari la kila siku, linalobeba dagaa wa Katonga kila asubuhi, lifungwe koilova. Au, bora zaidi, liachwe lilivyo.
Jioni Thobias, mshindani wangu wa magari, akapita na gari lake. Yeye amefunga koilova tangu mwaka jana. Alipunguza mwendo ili aniulize kama trekta langu linalima pia.
Basi koilova haziwezekani. Watasema nimemwiga. Springi fupi! Uamuzi wa kitaalamu.

Alhamisi, 17 Julai
Zimefungwa! Alphonce alitaka tupakie mzigo kwanza ndipo tupime. Nilikataa. Gari lilikuwa limeoshwa.
Nimeliendesha taratibu hadi ufukweni. Jua likazama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa likawa rangi ya mawese, na gari langu na kivuli chake vikawa kitu kimoja. Nilikaa pale nikiwaza watoto wetu wakipanda bila kuinua mguu.
Winfrida alipiga simu. Nikamwambia babake atashangaa akituona tunavyoteleza. Akasema baba haangalii magari, anaangalia mgeni anavyoshuka. Maneno mazuri. Sikuyaelewa.

Jumamosi, 19 Julai
Mzee Leonardi alipanda na mkewe, Mama Yunisi. Nyuma madumu ya mawese, gunia la dagaa, kreti za soda na jembe la posa. Gari likakaa kama kuku anayeatamia.
Tuta la kwanza: krrrr! Nikawaomba washuke, nikapita, wakapanda. Tuta la pili, hivyo hivyo. Barabara ya vumbi ilipoanza, Mama Yunisi alisema afadhali abaki chini kabisa, maana kushuka na kupanda kunamchosha kuliko kutembea. Mzee akaniuliza kama ametumwa kuposa au kusindikiza gari.
Akatokea Thobias. Gari lake amelipandisha, linatazama mbali kama swala. Shikamoo Mzee, shikamoo Mama, adabu tupu! Akawapakia wote, na mawese, na dagaa, na jembe. Akaniambia nije taratibu, nisiikwaruze Simbo.
Nilipofika nikiwa nimefunga bampa kwa kamba, Thobias alikuwa kwenye kiti cha wageni. Anakunywa soda yangu! Baba mkwe alikuwa akimuuliza kwa Kiha habari za ukoo wake. Nikaamkia, “Mwakeye!” Akamuuliza Mzee huyu fundi ametokea wapi.
Mzee alieleza. Winfrida alichungulia dirishani, akafunga pazia.
Jibu la baba: aliyemfikisha mshenga mlangoni amemwona, anayetaka mke bado hajamwona. Nirudi Jumamosi ijayo. Safari hii mshenga ashuke kwenye gari langu, mlangoni, bila vumbi miguuni. Nikishindwa, nisirudi tena.

Jumapili, 20 Julai
Alphonce amekuja mwenyewe. Springi zangu za zamani anazo, ni kazi ya asubuhi moja. Winfrida ametuma ujumbe: zirudishe.
Nimefikiri kwa utaratibu, nikitazama ziwa. Upepo umetulia. Kosa halikuwa la springi. Kosa lilikuwa la abiria.
Mpango: mizigo itatangulia kwa bodaboda. Mzee atatembea hadi kona ya mwisho. Pale nitampangusa vumbi, nitampakia, nasi tutateleza hadi mlangoni, chini kabisa, kama bata juu ya maji.
Bado sijamwambia Mzee. Kesho nitamtafutia viatu vizuri.