Posa ya Mlingotini na Skrubu ya Kabureta

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki kule Fukayosi. Nikaacha shule darasa la tatu, nikaanza kubeba mkaa kichwani. Tangu hapo kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Nayasema haya kwanza ili mniheshimu kidogo, maana mkishasoma mpaka chini hamtaniheshimu tena. Leo nimejidhalilisha, ndugu zangu wa humu kundini, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Pikipiki yangu ilikuwa haikai sailensi. Ukiachia mafuta tu, inazima. Na leo baada ya Adhuhuri nilitakiwa Mlingotini, kumposea mpwa wangu Shabani binti wa Mzee Kondo. Mshenga ni mimi. (Nani mwingine? Ukoo mzima hauna anayejua kusema kama mimi.) Shabani hana baba. Posa ikiharibika, imeharibikia kwangu.

Mke wangu akasema, "Baba Hadija, ipeleke kwa fundi."

"Fundi ana mikono mingapi?"

"Miwili. Ila yake inajua inachoshika."

Nikampuuza. Nikachukua bisibisi. Kabureta ina skrubu mbili: moja inapandisha na kushusha mlio, nyingine inapima hewa na petroli. Fundi huiacha kwanza injini ipate moto, kisha anazungusha kidogo kidogo huku anasikiliza. Mimi? Nilizizungusha zote mbili nilivyotaka, injini baridi kama mtungi wa maji. Ikawaka. Ikanguruma taratibu, kama paka aliyeshiba.

"Umeona?" nikamwambia. Akaitupia jicho bisibisi, akarudi jikoni. (Ningelielewa jicho lile, nisingekuwa naandika haya.)

Nikafika Mlingotini, kanzu nyeupe, kofia iliyodariziwa kwa mkono. Injini sikuizima. Nilihofia ikizima nitapiga kiki mbele ya wakwe mpaka kanzu ipasuke. Nikaiacha inanguruma chini ya dirisha la sebule, wanisifu.

Tukasalimiana, kahawa ikaja. Nikakohoa kidogo, nikaanza kistaarabu, maana kwetu pwani mshenga hataji mke waziwazi.

"Mzee mwenzangu, tumepita hapa kwenu, tunatafuta jiko."

Injini nayo ikaona huo ndio wakati wa kupata moto. Mlio ukaanza kupanda wenyewe. Uuuuuu!

"Unatafuta nini?" akauliza Mzee Kondo, mkono sikioni.

"Jiko!"

"Majiko yanauzwa pale barabarani!"

Sijui hakusikia au alinifanyia makusudi. Mlio ukazidi. Vikombe vikacheza kwenye sinia. Kuku wakahama.

"Siyo jiko la mkaa, bwana! Jiko!"

"La gesi?"

Nikapandwa na hasira. Ustaarabu ukaisha. Nikasimama, nikajaza kifua, nikatoa sauti yote niliyopewa na Mungu:

"MKE! NATAKA MKE!"

Sasa sikilizeni. Kumbe shangazi wa binti alikuwa ameshatoka nje kwa hasira, na sekunde ileile akageuza ufunguo. Injini ikazima kabla sijafungua mdomo vizuri. Kwa hiyo Mlingotini nzima, kwa utulivu mkubwa kabisa, ikamsikia mzee wa ndevu nyeupe akililia mke.



Kisha Bi Tatu, mjane wa nyumba ya pili, akajibu kutoka uani kwake: "Nipo mie, Mzee Pazi! Ila pikipiki yako sipandi!"

Mzee Kondo alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipopata pumzi akasema, "Kijana wenu tumemkubali. Wewe nenda kwa fundi."

Kiki iligoma, kama nilivyohofia. Nimeisukuma mpaka lami na kanzu yangu, watoto wanaimba nyuma, "Anataka mke! Anataka mke!" Nafika nyumbani, kumbe habari imetangulia kwa simu. Mke wangu kanipokea mlangoni kwa heshima zote, mpaka goti kapiga:

"Shikamoo, bwana harusi."

Basi nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya bati. Shamba la mikorosho Fukayosi. Mbuzi. Pikipiki, iko kwa fundi. Mke mmoja, ananitosha. Akiwauliza, mwambieni hivyohivyo. Na bisibisi moja, anayeitaka aje aichukue bure.

Na wewe unayecheka, nimeshakuona.