Majini Kwenye Taa ya Mwikali

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Soko,
Masii.

Mheshimiwa Musili,

Natumaini mguu wako umepona na ng'ombe wanapata maji. Kwangu si salama. Naomba kwa heshima kamati imwondoe sokoni Mwikali, yule muuza viazi karai mbele ya hoteli yangu, kwa kuwa anafuga majini. Kamera niliyofunga mlangoni imewanasa. Sababu zangu ni hizi:

1. Jioni mvua ikikatika, Mwikali huwasha taa yake kubwa. Papo hapo kamera inaonyesha viumbe vyeupe, virefu kama fimbo, vyenye mabawa kutoka kichwani hadi mkiani. Nikitoka kutazama kwa macho, naona kumbikumbi tu. Kwa hivyo, Mwenyekiti, macho yangu yamerogwa.

2. Antony, fundi wa kamera, anadai kukiwa na giza kamera hupiga picha polepole, mdudu anazidi kuruka kabla haijamaliza, ndiyo maana anatokea amevutika na bawa moja linajirudia mara nyingi. Upuuzi mtupu. Mimi napita mbele ya kamera hiyo kila jioni, na bado natokea mfupi.

3. Hoteli yangu iko na viti na televisheni, lakini watu walikuwa wanaipita kwenda kula kwake wamesimama. Mtu mwenye akili timamu hawezi kufanya hivyo bila kusukumwa.

4. Tangu nitume video kwenye wasapu ya soko, hakuna anayenunua kwake. Mtu asiye na hatia angelia hadharani. Yeye analia akiwa amejifunika leso. Anaficha nini?

5. Kamati ikisita, nitajua imeingiliwa. Kabla sijatuma video, kamera ilikuonyesha wewe mwenyewe ukila viazi hapo, na shingoni mwako kulikuwa na bawa.

Nisalimie mama watoto, wanakwaya wote na shemeji wa Matuu.

Mimi wako katika kulinda soko letu,
Muthiani Ndeto,
Mwenye hoteli.

N.B. Barua hii ilikawia mfukoni. Mwikali alifungasha Jumatatu na taa yake ikazimwa, kwa hivyo viumbe vimehamia kwenye taa yangu. Hivi ni wadudu tu, Antony amenieleza vizuri sana, kamati isijisumbue kuja. Mwikali akikujia kuulizia kibanda, mwambie kuna mtu. Mimi ndiye nakaanga viazi hapo siku hizi.