Mwisho wa Kapteni Kumbikumbi

Jumatatu, 3 Novemba

Bahati yangu inatisha. Wengine wanaomba, wanafunga, wanakesha. Mimi natembea tu, nayo inanifuata. Juzi sokoni Zombe, bila kutafuta chochote, nimelipata toleo la mwisho la Kapteni Kumbikumbi. Lile lenyewe! Lilikuwa limefungia viatu vya mitumba. Muuza viatu hakujua ameshika nini. Mimi nilijua. Nimekuwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori, mpaka Malaba, mpaka Garissa. Mtu kama mimi hapitwi.

Shajara hii itasomwa na wengi nikishakufa, kwa hivyo nieleze. Kapteni Kumbikumbi alikuwa shujaa wa jarida la picha tulipokuwa shule ya msingi hapa Kwa Vonza. Mvua ikinyesha, mbawa zinamtoka mgongoni, anaruka, anawachapa wezi wa ng'ombe. Kukikauka, mbawa zinadondoka, anatembea kwa miguu kama sisi. Adui wake, Bwana Kiangazi. Unaweza kuona mchoraji alikuwa amefika huku kwetu Kitui.

Toleo lililotufikia mwisho lilituacha pabaya. Kiangazi amelifunga wingu kwa kamba. Kapteni yuko juu ya jabali, mgongo mtupu, midomo imepasuka. Chini, kijiji kinakauka. Halafu: "Itaendelea." Haikuendelea! Gari la magazeti likaja bila jarida. Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Wengine walisema kampuni ilifilisika. Wengine walisema lilichapishwa likaishia Nairobi kwa watoto wa matajiri. Tumebishana juu ya huo mwisho mpaka vichwa vimeota mvi.

Jioni nikawatangazia wenzangu pale dukani kwa Nzau. Nzau anauza dawa za mifugo na ni mzee wa kanisa, na kote kuwili anapenda kuona kwanza. Akasema lete. Nikasema karatasi ni nzee, haitaki upepo. Akasema basi tuingie ndani. Nikasema haitaki giza pia.

Farouk, rafiki yangu wa duka la vitambaa, yeye ni muungwana. Alinikumbatia mbele ya wateja, akasema, "Mutunga, Mungu akuweke!" Kisha akatoa simu na kumpigia Ndululu kule Mbooni. Hilo sikulitarajia.

Jumatano, 5 Novemba

Ndululu anakuja Jumapili. Mbooni mpaka hapa, na macho yale!

Huyu Ndululu ndiye aliyekuwa msomaji wetu. Tulikuwa na nakala moja na utaratibu mkali. Baba yake Farouk alikuwa na duka, kwa hivyo Farouk analeta jarida. Nzau anakagua mikono. Ambaye hajanawa hagusi. Ndululu anasoma, akitufafanulia kwa Kikamba pale Kiswahili kilipokuwa kirefu. Na mimi nilikuwa milio. Upepo, radi, ngumi, ng'ombe: yote mimi. Hakuna aliyepiga radi kama mimi. Mwalimu mmoja aliwahi kuanua nguo zake.

Sasa macho ya Ndululu yameingia ukungu. Ananitambua kwa sauti. Jumanne ijayo wanampasua hospitalini. Leo kwenye simu aliniambia anaogopa, lakini asimwambie mke wake. Yaani mimi ndiye nisimwambie. Akasema daktari hakumuahidi kitu. Akasema, "Ndugu yangu, kama nitabaki gizani, wacha angalau niingie nikijua kama yule jamaa alipata mbawa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jarida liko ndani ya sanduku. Akacheka kile kicheko chake cha zamani, kama mlango wa bati. Akauliza kama Kapteni alizipata. Nikasema hayo huwa hayasemwi kwa simu.

Sikula chakula cha jioni. Ni joto tu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilienda Zombe kutafuta nakala ya pili. Sio kwamba sina ya kwanza! Ni tahadhari. Mtu mwenye akili huwa na mbili.

Muuza viatu hakunikumbuka. Nilipekua marundo yake yote ya karatasi mpaka akauliza kama mimi ni mkaguzi wa kaunti. Nilipata kalenda ya mwaka mwingine, mitihani ya watoto na nusu ya kitabu cha tenzi. Niliimba ubeti mmoja hapo hapo nikasikia nafuu.

Kurudi, nikampitia Musyoka mchoraji wa vibao. Nikamwambia, kwa siri kubwa, anichoree kurasa chache za Kapteni, za ziada, za kupendeza sanduku. Musyoka ni fundi, lakini maisha yake yote amechorea mabucha. Anajua mbuzi na ng'ombe. Kapteni alitoka na macho ya mbuzi, mapaja manene, na ukimtazama unawaza uchome upande gani. Nikamuuliza mbona mbawa zinafanana na mbavu. Akasema kwani mteja atataka nini?

Tumeyaacha kama yalivyo. Amesema picha atamuuzia mwenye hoteli.

Jumamosi, 8 Novemba

Nzau ameanza siasa. Leo alisimama dukani kwake akitangaza kwamba yeye tangu zamani anajua mwisho: Kapteni anakufa juu ya jabali, halafu mvua inanyesha kwa ajili ya kifo chake. Farouk akasema hapana, hakuna mtu anaua Kapteni. Kapteni anaongea na Kiangazi kama watu wazima, wanapatana, anaoa dada ya Kiangazi. Nzau akasema hayo ni mambo ya filamu. Farouk akasema na ya Nzau ni mahubiri. Wakanigeukia, "Haya, wewe mwenye nalo, nani yuko karibu na ukweli?"

Nikatabasamu kama mtu anayejua. Uso wangu ni mzuri kwa hiyo kazi.

Nyumbani, mke wangu Kalekye alikuwa anachambua maharagwe. Akaniambia, "Baba Nthenya, na mama yake?" Mama ya nani? "Ya Kapteni. Toleo la kwanza alimwambia mama yake narudi sasa hivi. Hakurudi. Nyinyi mnabishana juu ya mbawa, hakuna hata mmoja ameuliza yule mama alilala aje."

Nilishangaa. Sikujua amesoma. Akasema sisi wavulana tulikuwa tukimaliza tunalificha jarida nyuma ya pipa la maji la shule, na wasichana wote walijua. Walikuwa wanasoma baada yetu, na walikuwa hawapigi kelele kama wagonjwa.

Miaka yote hii ya ndoa! Tungeongea juu ya Kapteni badala ya paa linalovuja.

Mchana nilifunga kitabu fulani kwa karatasi ya kaki, vile tulikuwa tunafunga vitabu vya shule. Ni kulinda jarida. Nani anataka kuona jalada? Jalada si hadithi.

Jumapili, 9 Novemba

Wamekuja wote. Ndululu aliletwa na boda boda kutoka stendi, amevaa suti ya harusi. Nilipomshika mkono alinusa hewa akasema, "Mutunga, bado unajipaka ile mafuta ya nazi." Tukacheka mpaka tukakaa.

Nzau, bila kuambiwa, akaomba maji. Akatukagua mikono mmoja mmoja, nyuma na mbele. Farouk alirudishwa kunawa tena. Wazee wa mvi, tumepanga foleni! Ndululu aliponyoosha mikono yake kukaguliwa, nikaangalia kando kidogo. Vumbi la Kwa Vonza ni baya kwa macho.

Nikakaa mgongo ukiwa ukutani, asipite mtu nyuma yangu. Nikafungua kitabu changu cha kaki. Ndululu akasema leo tubadilishane: mimi nisome, yeye afanye milio.

Nikaanza. Jabali. Jua. Midomo ya Kapteni. Ndululu akafanya upepo mkavu, ule wa mwezi wa tisa, mpaka Farouk akalamba midomo. Nikaendelea. Kiangazi anacheka. Ndululu akacheka. Wingu linalia ndani ya kamba. Alililia! Nilisoma vizuri sana, hata mimi nilitaka kujua kitakachofuata.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Kapteni alikuwa juu ya jabali, mvua hakuna, na mimi nilikuwa nimemfikisha huko bila njia ya kushuka. Nikafungua ukurasa. Nikafungua mwingine. Nikakohoa. Nzau akaniegemea, akachungulia. Aliona. Najua alitazama, maana alikaa akitazama kwa muda, kisha akamwangalia Ndululu, aliyekuwa ameinua uso akingoja, mdomo wazi kidogo kama kijana wa darasa la tano.

Nzau akarudi nyuma taratibu. Akasema, "Soma polepole, Mutunga. Hapo ni pazuri."

Nikafungua ukurasa mwingine tena. Ndululu akadhani ni zamu yake. Akachukua kifuniko cha sufuria pale mezani akaanza kukipiga kwa vidole. Tik. Tik. Tik-tik. Pole pole, halafu haraka. Na mimi nikaujua huo mlio! Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwenye kichuguu nyuma ya shule. Mvua ikichelewa, tunaweka debe juu ya kichuguu, tunapiga kwa vijiti, kumbikumbi wanadhani ni mvua, wanatoka na mbawa zao mpya moja kwa moja ndani ya mashati yetu.

Nikasoma. Mama yake Kapteni, yule aliyeambiwa narudi sasa hivi, anatoka nyumbani na debe la maji lililo tupu. Anasimama chini ya jabali. Haiti. Halii. Anapiga debe. Jirani anasikia, anatoa sufuria. Mwingine bati la choo. Kijiji kizima kinapiga. Na juu kule, mgongo wa Kapteni, ambao haujui kusoma wala kuandika, unasikia mvua.

Farouk alikuwa ameshika ndoo. Nzau, mzee wa kanisa, alikuwa anapiga debe la mafuta ya taa kwa kiatu chake. Ndululu alikuwa anapiga kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka, akiuliza, "Zimetoka? Zimetoka?" Kalekye akatoka jikoni kuuliza kama tumerukwa na akili. Akasikia mama ametajwa. Akarudi, akaja na mwiko na karai.

Zimetoka, nikasema. Kubwa kuliko zote. Anaruka, anakata kamba, wingu linafunguka. Anatua mlangoni kwa mama yake akiwa amelowa. Mwisho.

Hakukunyesha. Hii ni Kitui. Lakini kuku wote waliingia ndani.

Baadaye wakabishana kwa chai. Farouk alisema kumbe hata Kiangazi aliachwa hai, kwa hivyo yeye alikuwa karibu. Nzau alisema Kapteni ni mtu msomi, atadanganywaje na debe? Ndululu akamwambia, "Nzau, hata wewe ulidanganyika, nimekusikia ukipiga." Kalekye alinipa mguu wa kuku. Kwa kawaida mguu ni wa mgeni.

Ndululu alipoondoka aliniomba ashike jarida, alishike tu. Nikampa. Alilipapasa, akalinusa, akasema karatasi ina harufu ya dawa. Nzau akamjibu kabla yangu. Alisema ni dawa ya mchwa, ndiyo imelihifadhi miaka hii yote.

Jumatatu, 10 Novemba

Nzau alinipitia asubuhi. Aliniambia nikimaliza kukisoma nimrudishie kile kitabu chake cha dawa za ng'ombe nilichoazima mwezi wa nane, maana ameona jana ni kitamu, hasa pale kwa minyoo. Nikasema sijui anaongea juu ya nini. Maskini, na yeye macho yameanza. Nitamwambia apelekwe na mtu huko hospitalini amwone daktari wa Ndululu.

Jioni akapiga simu Ndululu mwenyewe. Kesho ndiyo kesho. Amewasimulia wajukuu wote hadithi na sasa nyumba nzima inapiga sufuria, mkewe amezificha. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haitetemeki. Aliniuliza kama baada ya lile la mwisho kulikuwa na mengine. Sehemu ya pili, labda. Alisema mtu akifunguliwa bandeji ni vizuri awe na kitu cha kuangalia.

Nikamwambia ipo. Nikamwambia ninayo, tena picha zake ni za rangi, na nimeipata kwa bahati tu, imefungia sabuni. Nikamwambia hiyo sitamsomea mimi, ataisoma mwenyewe, na mimi nitarudi kwenye kazi yangu ya milio. Akacheka kile kicheko cha mlango wa bati. Akasema basi nianze kulainisha koo.

Nimemtumia ujumbe Musyoka. Nimemuuliza kama anaweza kujifunza kuchora watu.

Sehemu ya pili haipo. Na lile toleo la mwisho sikulipata Zombe wala popote. Sijawahi kuliona.