Kizibao cha Kijani na Sufuria za Frema

Jumatatu, 12 Mei
Leo wizara nzima imenipigia simu, mimi, mshauri nambari moja wa wafanyabiashara wadogo wa Techiman! Sawa, si wizara nzima. Karani mmoja. Kauliza kama bado niko hai. Nikamjibu kiasi. Alhamisi anakuja mkaguzi kututazama sisi washauri wa kujitolea. Asiyeweza kuonyesha japo mchuuzi mmoja aliyemfaa anafutwa, na kizibao cha kijani anarudisha. Kizibao changu! Bila hicho mimi ni mzee anayezurura sokoni, na nyumbani wa kusema naye ni kuku. Mwalimu Amponsem, mshauri mwenzangu, ana wachuuzi tisa. Kaniuliza kama mimi nitaonyesha mbuzi.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwendea Frema, muuza waakye wa stendi ya malori. Mwaka mzima namshauri, naye mwaka mzima ananipakulia wali na maharage. Nikamwomba anisemee. Akauliza ausifu ushauri upi, Nana (ndivyo tuitwavyo wazee)? Ule wa kuhamia penye utulivu, nyuma ya choo? Wa kupunguza pilipili? Au wa kufunga biashara Ijumaa? Akacheka mpaka upawa ukatumbukia sufuriani. Sikuona kichekesho.

Jumatano, 14 Mei
Nimepata! Kwetu mgeni haanzi jambo kabla hajapewa kiti, akapewa maji, akaulizwa amekuja na habari gani. Nimekusanya wazee watano. Watamkalisha stendi, pale kwa Frema, wamzungushe kwa salamu mpaka jua lizame na gari la serikali limwondoe. Wamekubali kwa sahani ya waakye. Nikasema bila nyama. Wakaanza kuinuka. Nikasema na nyama.

Alhamisi, 15 Mei
Balaa! Mkaguzi, Bi Dufie, ni binti aliyelelewa na bibi yake. Kiti kapokea, maji kanywa, kisha kaanza kutuuliza SISI: afya, wajukuu, viazi vikuu shamba kwa shamba. Wazee wangu wawili wakasinzia. Ndipo mpumbavu mmoja (mimi) akamuuliza rasmi amekuja na habari gani. Aulizwaye lazima aseme, tena mbele ya wote. Akasema amekuja kujua kama mzee huyu amewahi kumsaidia mtu. Dereva mmoja akapaza sauti: kusaidia nini, kula?

Frema akafuta mikono. Akasema kila ninachomwambia yeye hufanya kinyume. Alihamia penye kelele, akaongeza pilipili, Ijumaa ndiyo siku yake kubwa, na sasa ana sufuria tatu. Asiponiona hajui aanzie wapi. Na siku nisipokuja, wateja huuliza mazishi ni lini.

Bi Dufie alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema kanuni zinataka ushauri ufuatwe. Lakini mchuuzi amefaidika, basi kizibao nibaki nacho, ila miezi mitatu nikae kwa Frema nijifunze. Kimya.

Ijumaa, 16 Mei
Nimejifunza kimya hadi sufuria ya pili. Hapo nikagundua kuwa jirani yetu muuza uji anauuza ukiwa MOTO, na jua lote hili! Nimemwelekeza. Amenikodolea macho kama mtu aliyeguswa moyo. Kesho zamu ya fundi majeneza: hana mpango wowote wa kuwafanya wateja warudi.

Mwalimu Amponsem, najua huchungulia shajara hii nikiiacha benchini. Nani alisukuma gari lako kulitoa topeni siku ya msiba wa shemeji yako, akiwa kavaa nguo nyeusi mpya? Basi pita kesho kwa Frema, uniombe ushauri mmoja tu. Wowote. Kwa sauti.