Mwenye Mashua

Jumatatu asubuhi Pitchou Mwamba alikuwa akipita na sanduku lake la chaja za simu. Akaona watu tisa wameketi kwenye ngazi za ofisi ya viapo mjini Nchelenge, kila mmoja na karatasi mkononi na sura ya mtu aliyeachwa na basi. Mlangoni palibandikwa tangazo: mwenye muhuri yuko Mansa kwenye semina, atarudi Alhamisi. Wengine walikuwa wametoka kisiwani Kilwa, humu ziwani, tangu alfajiri. Pitchou alisoma tangazo mara mbili, akamshukuru Mungu kwa kuumba semina.

Kabla jua halijafika utosini, mji ulikuwa na notaire wa mtandaoni, yaani mwenye muhuri wa kuapisha watu kwa simu. Huyo alikuwa Chris, binamu yake Pitchou, ambaye kwenye simu alikuwa Lubumbashi na kwa kweli alikuwa nyuma ya pazia la saluni karibu na soko la samaki. Alivaa koti la kwaya na kravati. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa na kaptula, lakini sheria haitazami huko. Mteja alitaja jina lake mbele ya simu, akainua mkono, Chris, aliyejiita Maître kama mawakili, akakohoa kwa Kifaransa, kisha Pitchou akagonga muhuri aliouchonga kwenye kisigino cha kandambili. Mzee mmoja aliapa kwamba hajawahi kuoa, mkewe akiwa amemshikia mwavuli. Maître alimpongeza.

Jumatano akaja mjane kutoka Kilwa, aitwaye Bana Luse, yaani Mama Luse, amejifunga vitenge viwili na uso mpole kama uji. Alieleza taratibu kwamba marehemu mumewe alimwachia mashua, nayo imefungwa hapa mjini kwenye ufuko. Tangu Januari, alisema, watu hawaishi kufika kisiwani kumuuliza ile mashua ni ya nani, naye amechoka nao. Alitaka kumpata mtu mwaminifu aiandikishe kwa jina lake, mpaka maneno yapoe.

Kichwani mwake Pitchou aliwaona ndugu wa marehemu wakigombania mali. Akajiona yeye mwenyewe amekaa nyuma ya injini, upepo ukimpiga kifuani. Ndugu wa marehemu wasingepata mashua, mjane asingeipata pia, na hakuna ambaye angelaumiwa ila kifo.

"Mama, usitafute mbali," alisema. "Mutu wa haki njo huyu."

Bana Luse alimshukuru sana. Akashauri karatasi iseme kwamba mashua ni ya Pitchou tangu Novemba, ili wale wasumbufu wasipate pa kushika. Pitchou alistaajabu jinsi mjane mwenyewe anavyomsaidia kumwibia. Akanyoosha mkono kuchukua simu amwite Maître, lakini mama akatikisa kichwa.

"Maître yako iko muzuri," alisema. "Lakini ile mashua ni kitu kikubwa. Tungoje ule wa muhuri wa kweli, kesho."

Pitchou alisita kidogo. Kisha akawaza kwamba muhuri wa kweli huzaa mashua ya kweli, akakubali.

Alhamisi mwenye muhuri, Ba Mpundu, mwanamke wa miwani na maneno machache, aliwapokea. Kwenye benchi waliketi wanaume wawili wenye sare za kijani. Pitchou aliwadhania wateja, akawaamkia kwa ukarimu wa tajiri mpya. Ba Mpundu alimuuliza kama ameisoma karatasi. Akasema ameisoma. Alimuuliza kama mashua ni yake tangu Novemba, na kama kuna mtu aliyemlazimisha. Pitchou aliinua mkono juu kuliko ilivyohitajika, akaapa kwa sauti ya kanisani. Muhuri ukashuka.

Wale wawili wakasimama.

"Tumekutafuta miezi miwili, ba Pitchou," mmoja akasema. "Sisi ni wa idara ya uvuvi."

Mashua hiyo ilikamatwa Januari, ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi, ikivua kwa vyandarua vya mbu. Waliokuwemo walijitupa majini wakaogelea, na tangu hapo hakuna aliyekubali kuwa mwenye mashua. Pitchou alimgeukia Bana Luse. Mama alikuwa akifunga upya kitenge chake.

"Nilikuambia wanauliza," alisema.

Njia zilikuwa mbili. Akisema mashua si yake, ameapa uongo mbele ya muhuri wa kweli, na wakianza kuchimba mambo ya viapo watafika mpaka kwenye kandambili. Akisema ni yake, kuna faini.

"Ni yangu," akasema, kama mtu anayebatizwa kwenye maji ya baridi.

Alimpigia Chris simu aje amsaidie. Simu haikupatikana; Maître alikuwa kwenye basi dogo la Mansa, na mapato ya siku tatu mfukoni mwa koti la kwaya.

Faini ilikula akiba, sanduku la chaja, na mwishowe simu yenyewe. Ijumaa akapelekwa ufukoni kukabidhiwa mali yake. Ilikuwa mashua nzima, ndefu, ya mbao nzuri. Aliizunguka mara mbili, akainama nyuma yake, akauliza injini iko wapi.

Afisa alifungua karatasi ya kiapo, akaisoma polepole kwa kidole. Mashua, moja, ya mbao. Injini haikutajwa popote. Nasikia ilikuwa imesharudi Kilwa pamoja na Bana Luse. Kwa huruma, afisa akampa Pitchou kasia kuukuu, na daftari atie sahihi ya kulipokea.

Pitchou aliishika kalamu, akairudisha chini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Miye nisome."